Paa la Mke wa Askari

Nilimwonea wivu mwanamke yule kwa miaka kumi na minane, na sasa nimezeeka, sina tena haya ya kulisema. Wengine wakikumbuka jirani husema walimheshimu, au walipendana. Mimi nilimwonea gere. Niliuonea wivu mwendo wake, nikazionea wivu barua zake, nikalionea wivu paa la nyumba yake, na Mungu anisamehe, iko siku niliuonea wivu hata msiba wake.

Jina alilopewa na wazazi wake liacheni hukohuko kwao. Kijijini kwetu, upande wa Handeni, tulimwita Mke wa Askari, wakubwa kwa watoto, mpaka jumbe mwenyewe. Sisi wengine tulikuwa mama fulani na mama fulani. Mimi ni Mama Mwanaidi tangu nilipomzaa binti yangu wa kwanza. Yeye hakujaliwa mtoto, na mwanamke wa namna hiyo kwetu alipewa jina lisilopendeza, likasemwa kisimani akishaondoka na mtungi wake. Vita vikamwondolea jina hilo. Mumewe alipochukuliwa kwenda kupigana Bama, wengine huiita Burma, yeye akapata jina ambalo hata mke wa jumbe alilimezea mate.

Sasa kabla sijaendelea kumsema, niseme langu kwanza, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wakati wa vita ile ya pili jumbe aliagizwa na boma atoe vijana. Wengine walitakiwa jeshini, wengine walitakiwa mashamba ya mkonge, kwa sababu Mwingereza alihitaji kamba kuliko alivyohitaji mahindi yetu. Siku ya kwanza majina yaliposomwa barazani, mume wangu alisomwa jeshini. Mimi nilikuwa na mimba ya Mwanaidi, miezi sita. Bama sikuijua iko wapi. Nilichojua ni kwamba watu wanapelekwa kwa meli, na kwamba baba yangu mdogo alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ya kwanza, enzi za Mjerumani, hakurudi yeye wala kofia yake. Mkonge niliujua. Mkonge unauona barabarani ukienda Korogwe, umesimama tu pale. Basi nikamfungua mbuzi wangu mweusi, jike, niliyepewa na mama yangu nilipoolewa, nikampeleka kwa jumbe mchana kweupe. Mkono mtupu haulambwi. Ijumaa majina yakasomwa tena. Mume wangu akawa wa mkonge, na mume wa jirani yangu, ambaye mara ya kwanza alikuwa wa mkonge, akawa wa jeshi.

Ndiyo hivyo. Mume wake alikwenda mahali pa mume wangu, na aliyemsukuma ni mbuzi wangu. Nilijua hilo kila asubuhi nilipomwambia shikamoo dada, akanijibu marahaba mdogo wangu, na bado nilimwonea wivu. Mtu anieleze inawezekanaje. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Hebu niwaambie mwendo wake. Alitembea mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayekagua kitu. Kabla ya vita hakuwa na mwendo huo, nawaapia. Alikuwa akitembea ubavuni mwa njia kama sisi wote. Uliingia mwezi ule alipoanza kwenda boma Handeni kupokea posho ya mke wa askari. Alitoka alfajiri, akarudi jua likiwa limeinama, na kichwani ana kikapu kilichofunikwa. Watoto wanamkimbilia. Mimi niko mlangoni na mchi mkononi, najifanya simwoni.

Mama mkwe wake alitaka posho ile aipokee yeye. Alisema mwana ni wa kwake, tumbo lililombeba ni la kwake. Mke wa Askari akamjibu kwa adabu kabisa, amepiga goti, "Mama, karatasi ya boma haikuandika tumbo. Imeandika mke." Tuliosikia tulijikausha tusicheke. Bibi yule akamsusia maneno mwaka mzima, lakini chumvi alikuwa anatuma mtu kuichukua kwake.

Wakati ule nguo zilikuwa shida. Kaniki yangu ilikuwa na kiraka, na kiraka nacho kina kiraka. Wako wanawake waliovaa magunia, wakatoka nayo mashambani bila kuona haya kwa sababu hakukuwa na wa kumcheka mwenzake. Siku moja nilifuatana naye mpaka duka la Mhindi mmoja pale Handeni, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe. Alipomwona tu, akaamka, akavuta kiti. "Karibu mama, keti, jua kali." Halafu akainama chini ya meza akatoa kaniki mpya, imekunjwa, bado ina harufu ya dawa ya kiwandani. Na mimi nikasema, "Mzee, nami naomba mikono minne tu." Akaniangalia kwa huruma. "Kaniki hakuna mama. Vita."

Lo! Vita gani vinavyochagua mtu? Njiani Mke wa Askari akapasua kipande cha kaniki yake akanipa, kinatosha kumbebea mtoto mgongoni. Nilikipokea. Nilikitumia mpaka kikaisha. Sikumwambia asante kwa moyo, nilimwambia kwa mdomo.

Barua ndizo zilizonimaliza. Mume wangu alikuwa njia ya Mombo, ukitoka Mazinde unasogea kidogo tu, na hakuna aliyetegemea barua kutoka kwa manamba. Ndivyo walivyowaita watu wa mkonge, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Lakini barua ya kutoka Bama ikifika, karani wa boma huja nayo kwa baiskeli, na kijiji kizima hukaa uani kwa Mke wa Askari kusikiliza. Karani anasoma salamu kwa mama, salamu kwa wajomba, salamu kwa wazee wa msikitini, ng'ombe yule wa madoa hajambo? Kisha anafika mahali wakubwa wa jeshi wamepaka wino mweusi, mistari mitatu, minne, haisomeki. Anasema, "Sasa hapa sijui alisema nini." Na yeye Mke wa Askari, kifua mbele, "Hapo ndipo anaponisalimia mimi."

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka na wenzangu, nikarudi nyumbani nikampiga teke kuku.

Sikuzote alikuwa na neno. Ukimpa pole alikwambia, "Pole haipalilii." Ukimwomba ushauri alikuuliza umekula. Ugomvi wa wake wenza ukiletwa kwake, alisema yeye hukumu haijui ila atasikiliza mpaka mmoja achoke, na kweli mmoja alichoka. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo na mkarimu wa vikubwa; alikunyima kaa la moto akisema umezidi kuomba, halafu jioni ukisikia mtoto wako anaumwa, ni yeye anayekuja na blanketi lake mwenyewe na kulala chini. Aliswali swala tano, na alivuta tumbaku. Hakutaka kusikia mtu akisema uongo, lakini ule wa wino mweusi aliuendeleza miaka mitatu.

Siku karani wa boma alipokuja bila baiskeli, anatembea taratibu, tulijua. Wanawake tulianza kujifunga kanga viunoni kwa ajili ya kilio. Mke wa Askari alikuwa anatwanga. Hakuacha mchi.

"Amekufa?" akauliza.

"Karatasi inasema amepotea, mama."

"Basi atafutwe," akasema, akaendelea kutwanga.

Hakukaa eda. Shehe alimwendea, akamweleza kwamba mwanamke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, ndiyo sheria na ndiyo heshima. Akajibu, "Shehe, aliyefiwa hukaa eda. Mimi serikali imeniambia amepotea. Kitu kilichopotea hakizikwi." Vita vikaisha, miaka ikapita, wachumba wakaja, mmoja ana duka kabisa, na shehe mwenyewe akamwambia sasa yuko huru. Akawakataa wote. Watu walisema, jamani, ona mapenzi hayo. Walimsifu kwenye harusi, wakawaonya mabinti wao kwa mfano wake. Na mimi niliyesikia sifa zile, ambaye nilijua nani alimpeleka mume wake huko alikopotea, mnadhani nililia kwa majuto? Nililia pia. Lakini kwanza niliwaza, mume wangu angekufa mkonge nani angemsifu mkewe?

Hakufa. Alirudi. Alirudi na kifua kilichojaa vumbi la chumba cha brashi, kule wanakosafisha nyuzi za mkonge, na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Nilikuwa nimemtembelea mara moja kambini kwao, mtoto mgongoni, na chakula kikapuni. Nilidhani nitapewa shukrani. Nikamweleza habari ya mbuzi, kwa sauti ya chini, nikitabasamu. Akakiweka kikapu chini. Kisha akauliza, "Nani alikwenda badala yangu?" Nikamtajia. Chakula kile hakukigusa. Nilirudi nacho mpaka kituo cha Korogwe, nikampa mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja treni.

Mwaka aliporudi, kabla ya masika, nilimwona anakata nyasi. Nikafurahi, nyumba yetu ilikuwa inavuja pembe zote. Alipomaliza kukata, akazibeba, akapita mlango wetu, akaenda kwa Mke wa Askari. Akapanda juu akaezeka siku tatu. Ya kwetu aliiezeka wiki iliyofuata, kwa nyasi zilizobaki. Na mwaka wa pili hivyohivyo. Na wa tatu. Miaka kumi na miwili hivi, mume wangu alipanda paa la mwanamke mwingine kabla ya kupanda la mkewe, na akishafika juu kikohozi kinamshika, anajilaza kifudifudi juu ya nyasi mpaka kimwachie.

Nilijua kwa nini anapanda. Hatukulizungumza, lakini nilijua. Na bado nilisimama uani nimejishika kiuno, natazama kama anamwangalia. Nilihesabu vikombe vya maji anavyopelekewa. Siku moja nilimwambia mume wangu, "Mwanamke hana mume lakini nyumba yake haivuji. Mimi mwenye mume nalala na sufuria kitandani nikikinga matone." Akaniangalia tu. Angenipiga ningejua la kujibu.

Kuna jambo moja lazima nilieleze vizuri, maana hilo hata leo linaniwasha. Vita vilipokwisha, askari walirudi. Walirudi na mabuti, na makabuti marefu, na suruali, na wakazungumza kwa sauti kubwa. Hawa ndio waliopata kazi. Mmoja dereva wa lori, mmoja mlinzi benki, mmoja tarishi, mmoja akawa dresa wa zahanati kwa sababu jeshini alijifunza kufunga vidonda. Kila akipita mmoja wao alikwenda kumsalimia Mke wa Askari, akimwita shemeji. Nishani ya mumewe ililetwa pia, kwenye kikasha. Aliitazama, akaigeuza, akaenda kuiweka juu ya mdomo wa kibuyu chake cha maziwa. Alisema, "Serikali imenipa kifuniko. Nzi hawaingii tena." Watu wa mkonge nao walirudi, mmoja mmoja, wakaingia nyumbani kwao wakalala.

Basi Bwana Shauri, mkuu wa boma, akaja na baraza likaitwa. Alikuwa Mzungu mgeni, Kiswahili bado hakijamkaa, karani anamfasiria. Jumbe akasema, "Waliotumikia vita wasimame, serikali iwaone." Askari wakasimama, kama saba hivi. Watu wakapiga makofi. Na nyuma kabisa, karibu na ua, mume wangu naye akasimama.

Sijui kilichomwingia. Alikuwa mtu mpole, hapendi kutazamwa. Akasimama na kikohozi chake na shati lake la gunia.

Jumbe akamwona. Akasema mbele ya wote, "Wewe kaa chini. Wewe ulikuwa mkonge."

Baraza likacheka. Hata watoto walicheka. Mume wangu hakukaa, na wala hakujua afanye nini na mikono yake. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, namtazama jumbe. Nikamwona Mke wa Askari anainuka, mikono nyuma.

"Jumbe, naomba neno," akasema. "Hizo meli zilizowapeleka hawa huko Bama zilifungwa kwa kamba gani? Kwa nywele zako?"

Na jumbe alikuwa na upara unaong'aa. Watu walianguka kwa kicheko. Askari wenyewe walicheka, na yule dereva akaondoka mahali pake, akaenda kusimama karibu na mume wangu. Bwana Shauri akauliza mama yule amesema nini. Karani akafikiri kidogo, akafasiri kwamba mama anaishukuru serikali.

Mume wangu alirudi nyumbani siku ile amenyooka. Maneno yale aliyarudia miaka. Akiwa na wageni, akiwa peke yake anachonga mpini, utasikia, "Zilifungwa kwa kamba gani?" na anacheka mwenyewe mpaka kikohozi kimkamate. Na mimi najikunja kwa wivu. Mke wake ni mimi! Neno lile lilikuwa la kwangu mimi kulisema, na lilikuwa kooni, nawaapia, lilikuwa kooni. Nilishindwa kulitoa kwa sababu nikimtazama jumbe nilimwona mbuzi.

Baadaye kukawa na njaa. Masika mawili yalipita hayana mvua, tukala mihogo, kisha tukala majani ya mihogo. Mke wa Askari alikuwa na ng'ombe wawili aliowanunua kwa malipo ya mwisho ya mumewe. Akawa anapika uji wa maziwa sufuria kubwa, anaita watoto wa waliorudi mkonge, wao kwanza. Mwanangu nilimkataza. Siku tatu nikamkataza, siku ya nne nikamwacha aende kwa sababu njaa haina kiburi. Alirudi na midomo myeupe, akanikalia mapajani, akasema, "Mama, uji wa kule mtamu." Nikamfuta mdomo kwa nguvu mpaka akalia.

Halafu akatajirika, kama mtu anaweza kuitwa tajiri kwa vyumba vinne. Bei ya mkonge ilipanda baada ya vita, mashamba yakatafuta watu kama nini, na Korogwe ikajaa wageni kutoka kila upande. Akauza ng'ombe na ndama zao, akanunua kiwanja hukohuko, mtaa wa Kilole, akajenga vyumba vya kupangisha watu wa mkonge na watu wa reli. Nyumba ya bati. Akahama. Mkonge uliomla mume wangu kifua, yeye ukamjengea vyumba. Siku alipoondoka na mizigo yake, kijiji kilimsindikiza mpaka kwenye lori barabarani. Mume wangu ndiye aliyembebea godoro. Mimi nilibaki nikifagia ua ambao nilikuwa nimeufagia asubuhi.

Nilidhani wivu utaondoka na lori lile. Wapi. Masika yalipokaribia mwaka ule, mume wangu alitoka na mundu, akafika mahali pa nyasi, akakumbuka, akarudi akakaa kizingitini. Sikuwa nimemwona amekaa vile hata siku aliporudi mkonge.

Kifua kikamshinda hatimaye. Haikuwa muda mrefu kabla ya Uhuru. Vijana walikuwa tayari wanaimba barabarani. Siku mbili kabla hajafa alinishika mkono, akaniambia, "Nenda kamwambie yule mama habari ya mbuzi. Usiniache niende nayo." Nikamwambia nitakwenda. Akasema, "Sema wallahi." Nikasema wallahi.

Nikakaa eda yangu, miezi minne na siku kumi, nimeelekea ukuta. Yeye hakuweza kuja maziko, alikuwa na miguu iliyovimba, lakini alituma mchele wa arobaini kwa lori, gunia zima, na watu waliokuja kunipa pole walikula wakausifu mchele. Mimi nilitoka eda na mambo mawili moyoni. La kwanza, kwamba nimeapa kwa maiti mtarajiwa na lazima nitimize. La pili, la aibu, nilitaka kuona uso wake nikimwambia. Nilitaka kwa mara moja tu niwe na kitu ambacho yeye hana, hata kikiwa dhambi.

Nikapanda lori mpaka Korogwe, nikauliza njia, nikafika Kilole saa nne asubuhi. Nilimkuta barazani kwake, miguu juu ya kigoda, tumbaku mkononi. Alikuwa amenenepa, na mvi zimemjaa.

"Hodi. Shikamoo dada."

"Marahaba, Mama Mwanaidi. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Keti hapa." Akamwita mpangaji mmoja alete birika. "Alikuwa mtu," akasema. "Wanaume wa namna ile hawapo tena."

Niliona wivu hata alivyosema hivyo. Nikakaa. Nikamwambia, "Dada, nimekuja na neno. Marehemu ameniagiza."

"Sema."

Nikasema. Sikuzunguka. Jeshi, mkonge, mimba yangu, mbuzi mweusi, jumbe, Ijumaa. Nilisema nikitazama miguu yake iliyovimba. Nilipomaliza nikasikia chai inamiminwa.

"Yule mbuzi mweusi? Mwenye sikio lililopasuka?"

"Huyohuyo."

"Nyama yake niliila," akasema. "Mke wa jumbe aliniletea kipande cha paja. Nilijua ni wako, mbuzi mweusi mwingine kijijini hakuwepo."

"Ulijua!"

"Nilijua siku ileile. Lakini mbuzi wako alichinjwa bure, Mama Mwanaidi. Wewe ulikwenda kwa jumbe siku gani?"

"Jumatano. Mchana."

"Mimi nilikwenda Jumatano hiyohiyo, alfajiri. Jumbe alikuwa bado anatawadha. Nikamwambia, mume wangu mtoe mkonge, mpeleke jeshini, na huyo wa jirani mpeleke mkonge, mkewe ana mimba. Akakubali. Ulipofika na mbuzi majina yalikwisha kubadilishwa. Angekataaje mbuzi?"

Akanisogezea kikombe.

"Mume wangu alikuwa ameshapeleka posa kijiji cha pili," akasema. "Kwa sababu sizai. Mama yake alinipa mwezi mmoja nifunge virago. Mkonge ilisemwa mtu huenda miezi tisa akarudi, na angerudi angeniacha. Lakini nilisikia kwamba boma wanaandika jina la mke wa askari. Nikasema, nikishaandikwa na serikali, ataona haya kunifuta. Nilidhani atarudi. Wallahi nilidhani atarudi, na kabuti, na hasira zimemtoka. Sikumpeleka afe."

Alisema yote hayo bila kushusha sauti, na mpangaji yule amekaa palepale anafunga kamba za viatu.

"Na mume wangu?" nikasema. "Amepanda paa lako miaka kumi na miwili na kifua kile. Ulijua anapanda kwa ajili gani?"

"Nilijua."

"Ukamwacha."

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni tumbaku. "Kila mwaka nilisema leo nitamwambia ashuke," akasema. "Nikitoka nje nimwambie, natazama juu. Paa lilikuwa linavuja, Mama Mwanaidi. Na nani mwingine angelipanda?"

Sikumtukana. Nilikuwa na matusi yote ya Kizigua na ya Kiswahili, lakini nilikunywa chai ile mpaka chini, maana nilikuwa nimetoka safari. Akaniuliza kama sukari imetosha. Nikamwambia imetosha. Alitaka nilale, nikakataa, akanishika mkono akanisindikiza mpaka ukingo wa baraza, mbali zaidi miguu ilikataa.

Ndani ya lori nilikaa katikati ya magunia, nikangoja huzuni ya mume wangu inishike, kwa zile siku zote alizojilaza juu ya nyasi akilipia mbuzi ambaye hakufanya kazi yoyote. Kilichonishika kwanza ni wivu. Siri yangu ilinichukua miaka kumi na minane, na kiapo, na mume kufa, ndipo nikaweza kuitoa. Yeye ya kwake, iliyo kubwa kuliko yangu, aliitoa huku anamimina chai. Hata dhambi niliyodhani ni yangu, nikailea peke yangu miaka yote ile, kumbe ilikuwa ya kwake. Astaghfirullah. Mume wangu nilimlilia baadaye, nilipofika nyumbani.